Bata Kumi na Mmoja wa Kambi Nne

Valeria alikuwa akichambua mchicha mlangoni pa chumba chake, Kambi Nne ya shamba la miwa, Bwana Filemon alipofika na baiskeli akiuliza ni nani anayekijua vizuri kinamasi. Ilikuwa Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa kumi, mwaka 1975, saa tatu asubuhi. Filemon alivaa kaptula ya kaki na soksi ndefu, na shingoni alikuwa amening'iniza darubini kwa kamba ya katani, maana mkanda wake ulikuwa umekatika.

"Habari za asubuhi, mama."

"Nzuri. Karibu."

"Nimetumwa na ofisi ya wanyamapori, mjini. Kuna bata mdogo wa porini anasemekana yuko huku chini. Natakiwa nimtambue kabla kinamasi hakijakaushwa kupanda miwa. Dukani wamenielekeza kwako. Wamesema wewe unawajua bata wale mmoja mmoja."

"Nawajua kumi na mmoja," Valeria alisema. "Wengine ni wapita njia."

Filemon hakuuliza zaidi. Alikuwa mtu wa Marangu, amelelewa vizuri, na mtu aliyelelewa vizuri hamharakishi mwanamke mwenye mboga mapajani. Aliegemeza baiskeli ukutani, akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akangoja mchicha uishe.

Valeria aliwajua ndege wa kinamasi kwa sababu alikuwa akitafuta maiti.

Jumanne moja ya mwezi wa nne mwaka huo, katikati ya masika, nyapara Aminieli aliwaingiza wanaume kumi na mmoja katika kalvati refu linalopita chini ya reli, wakazoe tope. Siku hiyo shamba lilikuwa na wageni, na wageni walitaka kuona maji yakikimbia katika mfereji mpya. Saa nne na nusu amri ikatoka ofisini, lango la maji likafunguliwa, maji yakakimbia, wageni wakapiga makofi. Upande wa pili wa reli, mfereji unapomwaga kwenye kinamasi, yalitoka makarai matatu na kofia moja. Jioni Aminieli alifungua daftari la mahudhurio akaandika neno moja mbele ya majina kumi na moja: mtoro.

Mwaka ule ilikuwa afadhali kuitwa mwizi kuliko kuitwa mtoro wa kazi. Mwizi alihukumiwa akatoka. Mtoro alitajwa mikutanoni, akaitwa kupe, na watoto wake walitazamwa kama watoto wa kupe.

Kastori, mume wa Valeria, alikuwa wa saba katika orodha. Alikuwa ametoka Mkuu, Rombo, mwaka 1969, kwa sababu kihamba cha baba yake, shamba la migomba la ukoo, kilikuwa chembamba na ndugu walikuwa wawili. Valeria alipokwenda kwa Aminieli kumuuliza, nyapara alikuwa akifunga kamba za viatu, na aliendelea kuzifunga muda mrefu kuliko zilivyohitaji.

"Mama Digna," alisema, "mimi nilikuwa na kalamu tu. Na mwenye kalamu naye ana watoto."

Basi hapakuwa na msiba. Padri alisema hawezi kusoma misa ya wafu kwa mtu ambaye mwajiri wake ameandika kuwa ameondoka kwa miguu yake. Leonce, kaka yake Kastori, alileta salamu kutoka Rombo kwamba ukoo haukai matanga ya mtu mtoro; akirudi, watamkemea. Valeria hakujua avae nguo gani. Alikwenda kupalilia miwa kama kawaida, na kila alipotoka kazini alimwacha mtoto wake Digna kwa jirani, akashika mwanzi mrefu, akashuka kinamasini kuchokoachokoa chini ya mafunjo. Miezi miwili alichokoa. Alijifunza mahali korongo anapolala, na saa ambayo kwale wa majini hutoa vifaranga wake. Maiti hakuipata.

Mwishoni mwa mwezi wa sita aliwaona. Bata wadogo kumi na mmoja walitoka kwenye kivuli cha mafunjo, kimya, wakaanza kuchuja matope kwa midomo yao. Mmoja alipanda juu ya kichuguu cha majani yaliyooza, akazunguka mara mbili, ndipo akatulia. Kastori alikuwa hivyo tangu utoto. Popote alipotaka kukaa, kitini au chini, alizunguka mara mbili kwanza, na mama yake alikuwa akimwambia kaa, kiti hakiumi.

Valeria alisimama akamtazama mpaka jua likaanguka. Kisha alirudi kambini akamwambia Ester, jirani yake, Mnyiramba kutoka Singida, ambaye mume wake Kornel alikuwa wa nne katika orodha. Kesho yake walikwenda pamoja. Ester alimtambua Kornel kabla hata hajakaa chini. Jumapili iliyofuata walikwenda wanawake wote waliokuwa bado kambini, baada ya kanisa, wakakaa ukingoni na vikapu vyao. Bata hawakusogea karibu. Walikuwa ndege wa haya, na wake zao hawakuona ajabu, maana hata zamani hawakuwa wanaume wa maneno mengi.

Haya yote Valeria alimweleza Filemon wakiteremka kinamasini. Filemon alisikiliza, akauliza kama pale mbele pana tope refu.

Walikaa nyuma ya mafunjo siku nne, asubuhi na jioni, kwa sababu mchana bata yule hujificha kivulini akalala. Filemon alimfundisha Valeria kutazama kwa darubini, kwanza kichwa, kisha mdomo, kisha bawa. Ndege alikuwa mdogo, nusu ya bata wa nyumbani, hata chini ya nusu. Utosi wake ulikuwa mweusi mpaka usawa wa jicho, kama mtu aliyevuta kofia chini. Shavu lilikuwa rangi ya maziwa yaliyolala, na nyuma yake kulikuwa na doa, kana kwamba mtu mwenye masizi alimshika pale kwa dole gumba. Mdomo ulikuwa wa rangi ya buluu, ile ya kufulia mashuka. Aliporuka, bawa lilionyesha kijani kinachong'aa na ukingo mweupe.

"Kuna mwenzake anayefanana naye," Filemon alisema, "ila yule ana mdomo mwekundu, tena ni mkubwa zaidi. Watu wengi huwachanganya."

"Yule nimemwona," Valeria alisema. "Yule si mtu wa hapa."

Fomu ya Filemon ilikuwa na kurasa tatu. Jina la Kizungu na la Kilatini aliyatoa kitabuni. Alipofika kwenye jina la wenyeji alimuuliza Valeria wao wanamwitaje.

"Yupi?"

"Yule pale, juu ya kichuguu."

"Yule tunamwita Kastori."

Filemon aliandika Kastori.

Siku ya tano walitega wavu, wakamwaga pumba za mpunga, na alfajiri wakamkuta yule wa kichuguuni amenaswa mguu. Filemon alimtia katika soksi yake moja, akamning'iniza kwenye mizani ya mkono. Gramu mia mbili na arobaini. Alipomtoa aliona mguuni pete ya shaba. Aliisugua kwa kidole, akasoma: 417. Chini ya namba kulikuwa na alama ya shamba la miwa, ileile iliyogongwa kwenye vipande vya shaba ambavyo kila mfanyakazi alivaa mkononi.

Fomu ilikuwa na swali kuhusu hilo. Je, ndege ana pete? Kama ndiyo, imetolewa na nani? Na utaratibu ulikuwa kwamba aliyetoa pete aandikiwe barua, aeleze ndege alivishwa lini na wapi. Katika wiki iliyofuata Filemon aliwanasa wote kumi na mmoja, akaandika namba zao, akawaachia. Kisha alipeleka barua ofisi ya shamba.

Jibu lilikuja baada ya siku nane, limepigwa chapa vizuri. Namba 417 ilitolewa tarehe tatu mwezi wa pili mwaka 1969 kwa Kastori Tarimo wa Mkuu, Rombo. Mtoro tangu tarehe kumi na tano mwezi wa nne mwaka huu. Na wengine kumi vivyo hivyo, kila mmoja na jina lake na kwao. Filemon alimletea Valeria barua ile kwa baiskeli. Valeria aliisoma mara tatu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa karatasi yoyote kukiri kwamba Kastori na kinamasi wana habari moja.

"Sasa watasema," alimwambia Filemon. "Wameshaandika wenyewe. Watasema alikufa."

Filemon alikunja kamba ya darubini, akaikunjua. "Mimi kazi yangu ni kutambua, mama," alisema. "Nitakuja nikuunge mkono kwa hilo."

Kikao cha kusikiliza shauri la Valeria kilikaa mwezi wa kumi na moja, saa kumi alasiri, katika ukumbi wa shamba. Walikuwepo meneja, mwenyekiti wa wafanyakazi, karani na Aminieli na daftari lake. Valeria alikuja na tenga alilolifunika kwa kanga. Njiani alikuwa amelipakata, na kwa Kichagga alimwambia aliyekuwa ndani kwamba Digna ameng'oka meno mawili ya mbele na ameanza kuandika jina lake. Bata alifumba macho. Moyo wake ulikuwa ukipiga haraka sana, lakini Filemon alisema kwa ndege wa ukubwa ule ni kawaida.

Filemon alisoma taarifa yake: kichwa, mdomo, bawa, uzito, pete. Meneja aliuliza kama kuna njia nyingine ya kuhakikisha. Mwenyekiti akashauri aitwe kwa daftari, kama mfanyakazi yeyote.

"Mia nne kumi na saba," Aminieli alisoma. Sauti yake haikupanda. "Kastori Tarimo."

Bata aliyekuwa juu ya meza aliinua bawa la kulia, kijani kikaonekana, akalishusha.

Aminieli alitia alama ya kuhudhuria. Meneja alimwomba aifute, kwa kuwa mahudhurio ni saa kumi na mbili asubuhi na sasa ilikuwa imepita saa kumi.

"Ndugu Filemon," meneja alisema, "tunakushukuru kwa kazi nzuri. Kwa miezi saba tumesumbuliwa na maneno kwamba wafanyakazi hawa wamekufa. Leo imethibitishwa kitaalamu kwamba wako hai. Wana afya, wanakaa hatua mia nane kutoka kambini, na hawajaripoti kazini. Awali tulikuwa na dhana tu ya utoro. Sasa tuna uhakika."

"Je, anaweza kushika panga?" mwenyekiti aliuliza.

"Hawezi," Filemon alisema.

"Basi udhuru huo angeuleta mapema."

Valeria alisimama. "Walikuwa kwenye kalvati," alisema. "Waliingizwa asubuhi, na lango likafunguliwa wakiwa ndani. Aminieli yupo hapa. Muulizeni."

Aminieli alitazama daftari. Karani aliacha kuandika, akangoja kuambiwa kama aandike.

"Kalvati halimo kwenye ajenda, mama," meneja alisema kwa upole. Kisha akaongeza kwamba, kwa utaratibu, familia ya mtoro aliyethibitishwa haiwezi kuendelea kukaa katika chumba cha shamba. Angepewa mpaka mwisho wa mwezi wa kwanza, kwa kuwa kuna mtoto.

Valeria alimrudisha Kastori kwenye tenga, akashuka naye kinamasini. Alipomfungulia, bata aliingia majini bila kugeuka nyuma. Filemon alikuwa amesimama nyuma yake na fomu mkononi, akitafuta mahali pa kuandika mambo aliyoyasikia ukumbini. Fomu haikuwa na mahali hapo. Mahali palipobaki palikuwa pa idadi, akaandika: kumi na mmoja hapa, maelfu kwingineko; hahitaji ulinzi maalumu. Ilikuwa kweli. Alimwachia Valeria mkungu mdogo wa ndizi ng'ombe kutoka kwao Marangu, akapanda baiskeli yake akaenda zake.

Mashine ya kukausha kinamasi ilikwama Tanga ikisubiri kipuri, kwa hiyo mwezi wa kumi na mbili ulipita na bata bado walikuwapo. Mwezi wa kwanza, Jumamosi moja asubuhi, meneja alipata wageni watatu wenye bunduki na kibali. Kibali kilikuwa halali, maana ndege wale walikuwa maelfu kwingineko.

Valeria alikuwa mstari wa kumi wa miwa aliposikia mlio. Aliweka jembe chini, akatembea. Hakukimbia, kwa sababu kwenye miwa iliyovunwa vishina huchoma miguu. Alipofika aliwakuta wameegesha Landrova kivulini na juu ya boneti wametandika gunia, na juu ya gunia bata wanne, wamepangwa kichwa upande mmoja. Aliwageuza mmoja mmoja, akisoma miguu. Wa tatu alikuwa 417.

"Naomba huyu," alisema.

Mgeni mmoja, mtu mzima mwenye adabu, alimtazama bata, akamtazama yeye. "Mchukue tu, mama. Hana nyama, hata supu hatoshi."

Wale wengine watatu walikuwa wa wanawake waliokwisha kurudi kwao, Kondoa na Dodoma, na hakukuwa na mtu wa kuwaomba. Waliliwa jioni ile kwa meneja, na wali.

Valeria alimfunga Kastori katika kitenge kipya ambacho hakuwa amekivaa, akamchukua Digna, akapanda basi mpaka Moshi, na lingine lililopita Himo na Mwika mpaka Mkuu. Alimpakata njia nzima. Kondakta alimuuliza kama ana mzigo, akasema ana mgonjwa. Halafu akaona si vizuri kudanganya, akasema ana maiti. Kondakta alimpisha kiti cha mbele.

Mama mkwe wake, Bibi Yuditha, alikuwa anakata majani ya ng'ombe. Valeria alipiga goti. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umemleta?"

"Nimemleta."

Bibi alifungua kitenge juu ya mapaja yake. Alimtazama utosi, shavu, lile doa la masizi. "Amekonda," alisema.

"Amekonda, mama, ndiyo."

Alimwosha kwa maji ya vuguvugu, akimlaza manyoya upande yanakoelekea, na alipofika mguuni akasugua ile shaba mpaka ikang'aa. Leonce alikuja akiwa na jembe begani. Alisoma namba, akaijua, kwa sababu kwa miaka sita ilikuwa imeandikwa nyuma ya kila bahasha iliyotoka shambani.

"Shemeji," alisema, "nilikuletea salamu mbaya."

"Ulileta," Valeria alisema, kwa kuwa ilikuwa kweli.

"Mama," Leonce akauliza, "nichimbe kaburi la ukubwa gani?"

"La ndugu yako," Bibi Yuditha alisema.

Leonce alichimba tangu mchana hadi jioni, kati ya migomba, kaburi la mtu mzima, refu na la kina, kingo zimenyooka. Katekista aliitwa, akasema hawezi kusoma sala za wafu juu ya ndege bila ruhusa ya padri. Aliyetumwa kwa padri alirudi na jibu kwamba ndege angeweza kufikiriwa, lakini mtoro hapana. Basi walisali rozari wenyewe. Majirani walileta mbege, pombe ya ndizi, wakakaa. Valeria alivaa nguo nyeusi, akalia kwa sauti siku tatu, na hakuna mtu aliyemwambia anyamaze. Alishangaa jinsi kilio kilivyokuwa kingi ndani yake.

Wiki iliyofuata alimwacha Digna kwa bibi yake, akarudi Kambi Nne kuchukua vyombo. Kabla ya kufunga mzigo alipitia ofisini. Karani alikuwa yuleyule wa kikaoni.

"Nimekuja kuandikisha kifo," Valeria alisema. "Kastori Tarimo. Tumeshamzika."

Karani alitoa faili. "Alikufa lini?"

"Tarehe kumi na tano mwezi wa nne, mwaka jana."

Karani alipekua. "Nina taarifa ya bata wanne waliopigwa Jumamosi ile. Taarifa ya mtu aliyekufa sina, si Jumamosi wala mwezi wa nne." Alifikiri kidogo. "Kipande chake kiko wapi? Kile ni mali ya shamba."

"Amezikwa nacho."

Karani alichovya kalamu akaandika pole pole, kisha, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, akageuza faili ili mjane asome mwenyewe. Palikuwa na lile neno la zamani, na mbele yake maneno mapya, wino bado mbichi: Mtoro. Kipande hakikurudishwa.

Ester alikuja kumsaidia kufunga mzigo. Walikunja mkeka, wakapanga sufuria ndani ya sufuria, wakakaza kamba, mmoja akibana na goti na mwingine akivuta. Ester alizitazama zile nguo nyeusi. Alikuwa akizitazama tangu alipoingia.

"Walimsomea?" aliuliza.

"Tulisali wenyewe. Lakini kaburi lipo. Leonce amelisakafia."

"Kaburi lipo," Ester alisema.

Alikaa juu ya mzigo, akafuta mikono yake kwenye kanga, kidole kwa kidole.

"Wale wageni wenye bunduki," alisema, "hawakukwambia watarudi lini?"

"Sikuwauliza."

"Basi kesho nitakwenda ofisini niulize. Maana Kornel hukaa upande wa reli, asubuhi, mahali pa wazi. Nikiwaelekeza vizuri watamwona."

Valeria alisema kwamba afadhali awape na namba, wasije wakamkosea.

"Namba ninayo," Ester alisema, akainuka kumsaidia kujitwisha.